Mbwa mwenye damu ya pudo: kitana kisipogusa ngozi, bado hujamchana

Kitana_cha_Chuma (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Naandika uzi huu mkono wa kulia ukiwa bado unauma kwa kazi ya Jumamosi, na nimeona nisingoje hadi uache.

Nililetewa mbwa kutoka upande wa Mamboleo, mchanganyiko wa pudo (poodle, mbwa wa manyoya ya kujikunja) na Labrador, dume la miaka 2. Kwa mbali anapendeza sana: rangi ya asali, manyoya yamejaa, yanapepea akitembea. Nikamwekea mkono mgongoni. Vidole havikuingia. Chini ya yale manyoya mazuri kulikuwa na jamvi, kitu kimoja kizima kuanzia shingoni hadi mkiani, limebana ngozi kama nguo iliyoshonwa ndogo. Nilipolinyoa lilivuka likiwa kipande kimoja. Ungeweza kulitandika. Ndani yake mlikuwa na mbegu za kishona nguo zilizoota mizizi ya uchafu, kupe watano walionona, na kwenye kwapa la kushoto ngozi ilikuwa nyekundu, mbichi, inatoa harufu. Yule mbwa alikuwa anachechemea. Wenyewe walidhani ni mguu. Ni manyoya ya kwapani yalikuwa yanamvuta kila hatua.

Mama mwenye mbwa alilia. Akaniambia, "Lakini mwanangu, mimi nampiga brashi kila jioni." Namwamini. Brashi yake niliiona: ya plastiki, meno mafupi yenye vichwa vya mviringo. Kila jioni alikuwa anachana sentimita moja ya juu, na kila jioni mbwa alionekana nadhifu, huku kule chini mambo yakiharibika.

Nilisuka watu miaka 9 kabla sijaanza kunyoa mbwa, na naomba niseme kwa lugha ya saluni. Ukitaka kujua nywele zimechanika, huangalii juu. Unagawa mstari, unaona ngozi ya kichwa, kisha kitana kinatoka kwenye ngozi hadi nchani bila kukwama. Mbwa wa damu ya pudo ni hivyo hivyo.

Kwa nini wao na si mbwa wengine? Mbwa wa kawaida hupukutika. Labrador akikaa kwenye zulia unajua alikaa. Pudo naye hupoteza nywele zilizokufa, lakini nywele zake zimejikunja, kwa hiyo ile iliyokufa haifiki chini. Inanaswa na zilizo hai na kuanza kusokotana nazo. Sasa ukichanganya pudo na mbwa mwenye manyoya ya ndani laini kama pamba, Labrador au Golden Retriever, unapata manyoya ya ndani yanayong'oka kwa wingi, na juu yake wavu unaoyazuia yasitoke. Ndiyo maana mchanganyiko mara nyingi ni kazi kubwa kuliko pudo mwenyewe. Waliokuuzia walikwambia "huyu hapukutiki manyoya". Walikwambia kweli, ila hawakukwambia yanakwenda wapi.

Namna ya kuchana nitaieleza kidogo kidogo. Mlaze ubavu. Anza chini, mguuni, si mgongoni. Kwa kiganja cha kushoto inua manyoya yote juu uyabane, uache mstari mwembamba chini ya kiganja ambao ngozi yake unaiona kwa macho. Pulizia maji kidogo yenye tone la kondishena, maana manyoya makavu hukatika. Piga brashi ya sindano, ile yenye waya nyembamba zilizopinda, kwa mkono mwepesi. Ukiipigia ndani ya kigasha chako na ikakuchubua, ujue unamchubua na yeye. Kisha pitisha kitana cha chuma. Kikipita kutoka ngozini hadi nchani, achia manyoya kidogo kutoka kwenye kiganja, mstari wa pili. Hivyo hivyo hadi uti wa mgongo. Kikikwama, usivute. Rudi kwenye ncha ya fundo, ulifumue kama unavyofumua msuko: kuanzia nje, kidogo, kidogo, na vidole viwili vimebana shina ili ngozi isivutwe.

Sehemu za kuanzia ukaguzi: nyuma ya masikio, makwapani, chini ya mkanda wa shingo, ndani ya mapaja, shina la mkia, katikati ya vidole, na ndevuni ambako chakula hukaukia. Kama huna muda wa mwili mzima leo, pitia hizo.

Maswali karibuni.

---

Jirani_wa_Menengai (Nakuru)

Asante dada, umenigusa. Mimi nina jike wa pudo na Cocker Spaniel, niko Naka. Huku vumbi la Januari na Februari unalijua. Nilikuwa namwogesha kila Jumapili ili vumbi litoke, na kila nikimwogesha anatoka na vifundo zaidi ya alivyoingia navyo. Nikadhani ni maji yetu ya chumvi. Natumia sabuni ya kufulia ya kipande, maana povu lake linatoa uchafu vizuri. Kosa liko wapi?

---

Kitana_cha_Chuma (Kisumu)

Kaka, maji yako hayana neno. Unamwogesha kabla ya kumchana.

Fikiria sweta ya sufu ya mitumba. Ukiifua kwa maji moto na kuisugua, inasinyaa, inakuwa ngumu, huwezi tena kuona nyuzi. Fundo la manyoya likilowa na kusuguliwa hufanya vivyo hivyo: lililokuwa linafumuka kwa vidole dakika tano zilizopita, likikauka linakuwa kokoto. Mpangilio ni huu: chana hadi ngozini, ogesha, kausha ukichana, kisha pitisha kitana tena. Siku ambayo huna muda wa kuchana, usimwogeshe. Kwa vumbi la Nakuru, mpanguse kwa kitambaa chenye unyevu, mpige brashi ukiwa nje.

Ukimwogesha, usisugue kwa kuzungusha mikono kama unafua. Penyeza povu kwa kufuata yanakolalia manyoya. Taulo vilevile: bana na ukamue, usifikiche.

Sabuni ya kipande weka kando. Imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na ngozi ya mbwa inayahitaji mafuta yake. Hata shampuu ya watu haimfai sana, kwa sababu ngozi yetu ina asidi zaidi kuliko yake. Tafuta shampuu ya mbwa kwenye duka la dawa za mifugo, ichanganye na maji kwenye chupa ili isambae, na suuza hadi manyoya yalie kati ya vidole. Povu linalobaki shinani ndilo linalomwasha usiku. Kwa jike wako, mara moja kwa wiki 3 au 4 inatosha.

Na kukausha. Huku kwetu ziwani hewa ina unyevu, manyoya ya juu yanakauka kwa nusu saa lakini shinani yanakaa mabichi hadi jioni, na hapo ndipo vidonda vya majimaji huanzia. Kwenu Nakuru shida ni baridi, hasa Juni na Julai. Ogesha saa sita mchana, si jioni ukitoka kazini. Draya ya nywele itumie kwenye moto mdogo, isogeze kila wakati, mkono wako ukiwa kati ya draya na ngozi. Stima ikipotea katikati, mfunge taulo kavu na umweke juani mnapokaa wote, uendelee kumchana.

---

Baba_Pacha (Eldoret)

Mimi nina neno tofauti kidogo, mnivumilie. Watu wamezidi kunyoa mbwa. Nimefuga miaka mingi, German Shepherd. Daktari wa mifugo wetu aliniambia manyoya ndiyo yanayomkinga na jua na baridi, ukinyoa unaharibu. Kwa nini huyo dume wa Mamboleo hakufumuliwa taratibu badala ya kunyolewa hadi ngozi?

---

Kitana_cha_Chuma (Kisumu)

Mzee wangu, daktari wako alikwambia vizuri, kwa mbwa wako. German Shepherd ana tabaka mbili, la nje gumu na la ndani laini, na urefu wake una kikomo. Yakifika hapo yanang'oka. Ukimnyoa, mengine hurudi kwa mabaka, au huchukua miezi mingi. Sijawahi kunyoa German Shepherd bila daktari kuagiza kwa ajili ya kidonda.

Wa damu ya pudo manyoya yake hayakomi kurefuka. Asiponyolewa atafunikwa macho. Kumkata kila wiki 6 hadi 8 ni jambo la kawaida maishani mwake, kama mtoto wa shule na kinyozi. Ila nakubali neno lako kwa sehemu: mchanganyiko aliyerithi zaidi manyoya ya Golden, yaliyonyooka na mazito ndani, simshushi hadi ngozini bila sababu. Huyo namchana, nampunguza kwa mkasi.

Kuhusu kufumua. Manyoya yanakinga kwa sababu hewa inakaa kati yake. Jamvi halina hewa. Linashika joto mchana na unyevu usiku. Yule dume kumfumua kungekuwa saa nane au kumi za kuvutwa ngozi ambayo tayari imevimba. Siwezi kumfanyia hivyo kwa ajili ya urembo wa wenye nyumba. Manyoya yatarudi baada ya miezi michache. Hofu yake ya kitana, nikiipanda siku hiyo, itabaki naye hadi uzee, na kila atakayemshika baada yangu atang'atwa.

---

Mama_wa_Lurambi (Kakamega)

Jamani mimi nalia. Wangu ni mdogo, pudo na Maltese, kilo 5. Alikuwa na fundo nyuma ya sikio nikamwomba kijana mmoja anayenyoa watu hapa mtaani anisaidie. Alichukua mkasi akalikata. Alikata na ngozi. Ilibidi ashonwe. Nilimshika mwenyewe mikononi wakati anakatwa, na sasa akiona mkasi wa kukatia mboga anajificha chini ya kochi. Nifanyeje na lile sikio la pili? Lina fundo vilevile.

---

Kitana_cha_Chuma (Kisumu)

Pole sana mama. Pole kwako na kwake.

Wote msome hapa tafadhali, ni jambo kubwa kuliko mengine kwenye uzi huu. Fundo lililo karibu na ngozi halikatwi kwa mkasi. Fundo linapokaza linavuta ngozi na kuiinua ndani yake kama hema dogo. Wewe unaona manyoya tu. Ngozi iko katikati ya makali na huioni. Ya nyuma ya sikio na ya kwapani ni nyembamba kama karatasi. Hata mimi mwenye uzoefu sipeleki mkasi hapo.

Inayofanya kazi hiyo ni mashine, yenye meno namba 10, ambayo huacha manyoya kama milimita 1.5. Inapita bapa kati ya fundo na ngozi, taratibu, ngozi imenyooshwa kwa vidole. Watu huona namba ndogo yenye meno marefu wakadhani ni salama zaidi kwa sababu inaacha manyoya mengi. Ni kinyume chake: meno yaliyoachana huruhusu mkunjo wa ngozi kuingia katikati. Mashine za kinyozi wa watu huchemka haraka kwenye manyoya mazito, na mbwa huunguzwa bila mwenye mashine kujua hadi kesho yake. Kila dakika chache mimi naweka meno ndani ya kifundo cha mkono wangu. Yakiniunguza, nazima nangoja.

Sikio la pili: mpeleke kwa daktari yule aliyemshona. Akiona hatulii, atampa dawa ya kutuliza, na hilo kwa mbwa aliyekwisha kuumizwa ni huruma. Mwambie tu kwamba fundo liko hapo muda mrefu, kwa sababu hii: sikio lililobanwa na fundo damu yake haitembei vizuri. Likiachiwa ghafla damu inarudi kwa kasi, mbwa anatikisa kichwa kwa nguvu, na sikio linaweza kujaa damu ndani likavimba kama andazi. Baada ya kunyolewa, lifunge kwa bendeji laini kichwani siku ile, asilipige.

Nyumbani, uanze upya naye. Weka kitana sakafuni karibu na chakula chake siku tatu bila kumgusa nacho. Kisha mguse nacho begani mara moja, umpe kipande cha nyama, basi. Kesho mara mbili. Usimwite jina lake kwa sauti ya kumwonea huruma. Kaa tu kawaida. Atarudi.

---

Baba_Pacha (Eldoret)

Nimekuelewa mwanangu. Hilo la ngozi kuinuka kama hema sikulijua. Mama wa Lurambi, pole.

---

Mwenyeji_wa_Riat (Kisumu)

Naomba kuuliza mawili. Kwanza, mtoto wangu ana pumu, tulinunua Labradoodle (pudo na Labrador) kwa sababu tuliambiwa hawaleti mzio. Je, kumnyoa mfupi kutasaidia? Pili, nilichukua ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja nikampa shemeji. Wa shemeji manyoya yamenyooka na anapukutika, wangu ni mkunjo mtupu na ana miezi 8, na mwezi huu ghafla ameanza kusokotana kila mahali. Amebadilika au nimekosea chakula?

---

Kitana_cha_Chuma (Kisumu)

Nianze na la pili. Hujakosea. Kati ya miezi 6 na 12, hivi, manyoya ya utoto yanang'oka na ya ukubwani yanaota. Ya zamani hayatoki, yananaswa na mapya. Ni kipindi kigumu kuliko vyote, na ndipo wengi huletwa kwangu wakiwa jamvi, maana mwenye mbwa alizoea kuchana mara moja kwa wiki na ilikuwa inatosha. Mchane kila siku kwa miezi miwili mitatu hii, au mkate mfupi sasa ayaoteshe mapya akiwa mwepesi. Mimi ningemkata.

Ndugu kutofanana ni kawaida. Mwaka 2009 wanasayansi walionyesha kwamba tofauti nyingi za manyoya ya mbwa zinatokana na jeni tatu tu: moja ya urefu, moja ya mkunjo, moja ya ndevu na nyusi. Kila mtoto anaokota zake. Wa shemeji hakuokota mkunjo.

Hilo linanipeleka kwenye mzio, nami nasema kwa uangalifu kwa sababu ya mtoto. Labradoodle walianza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Australia. Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu, alitafuta mbwa wa mwanamke asiyeona wa Hawaii ambaye mumewe alikuwa na mzio. Akapandisha pudo na Labrador, wakazaliwa watoto watatu. Walipimwa, na ni mmoja tu aliyemfaa yule mume. Watatu wa mama mmoja, mmoja akafaa. Miaka ya baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia alichokianzisha, kwa jinsi watu walivyokimbilia kuzalisha bila uangalifu. Na mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walipima protini inayoleta mzio kwenye manyoya ya mbwa wanaouzwa kwa sifa hiyo, Labradoodle wakiwemo. Haikuwa pungufu kuliko ya mbwa wengine.

Kinacholeta mzio kiko kwenye mate na magamba madogo ya ngozi. Kumnyoa mfupi kunarahisisha kumsafisha, lakini hakuondoi. Mbwa achanwe nje, na si mtoto amchane. Asilale chumbani kwake. Na daktari wa mtoto ajue kwamba kuna mbwa nyumbani.

---

Mama_wa_Lurambi (Kakamega)

Dada, na kupe? Huku mvua karibu kila alasiri, nyasi zimejaa. Jirani ameniletea dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya soda, anasema kijiko kimoja kwenye ndoo.

---

Kitana_cha_Chuma (Kisumu)

Mama, usimwogeshe nayo! Dawa nyingi za josho zina amitrazi, sumu ya kuulia kupe, zimekusudiwa kuchanganywa kwa kipimo cha ng'ombe, na mbwa wa kilo 5 anajiramba. Kijiko cha jirani hakijulikani ni cha chai au cha mezani. Akilegea, akitoa udenda, akitembea kama mlevi, ni hiyo. Chupa ya soda iondoe kabisa kabla mtoto hajaiona.

Duka la dawa za mifugo lina dawa za kudondosha shingoni na vidonge vya kutafuna. Nenda na uzito wake umeuandika, kwa sababu vinauzwa kwa kilo. Kwa manyoya kama yake, ile ya kudondosha igusishwe ngozini, gawa mstari kwanza. Ukiimwaga juu ya manyoya yanainywa yenyewe.

Na hata baada ya dawa, vidole vyako ndivyo vya kwanza. Kila jioni pitia ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya vidole. Ukihisi punje, gawa uone. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta sawa bila kuzungusha. Angalia na ufizi wake. Ukiwa mweupe, au mkojo ukawa wa rangi ya chai, au damu ikatoka puani, usingoje asubuhi.

Chini ya nyayo kata manyoya yawe sawa na nyayo zenyewe. Matope yakikauka hapo yanakuwa mawe. Na kwa nyumba zenye sakafu ya udongo angalia funza kwenye vidole: kitone cheupe chenye doa jeusi katikati. Mbwa hupata kama sisi, na chini ya manyoya hakuna anayemwona.

---

Jirani_wa_Menengai (Nakuru)

Narudi kama nilivyoahidi moyoni. Wiki nzima nimegawa mistari. Nilipofungua mkanda wa shingo nilikuta pete nzima ya manyoya iliyosokotana kuuzunguka mkanda, na chini yake ngozi imepauka. Sijawahi kuuvua tangu nimnunue, miaka 2. Mgongoni kitana kinapita sasa. Makwapani nimeshindwa, nikampeleka akanyolewa hapo tu. Amelala leo kwa ubavu ambao sikuwahi kumwona akilalia.

Amebaki na urefu kama wa sentimita 3. Niuache hivyo au nimkate wote? Nina nafasi ya kumchana Jumatano na Jumapili, siku nyingine narudi usiku.

---

Kitana_cha_Chuma (Kisumu)

Kaka umefanya kazi. Mkanda mvue kila akiwa ndani ya lango.

Kwa siku mbili kwa wiki, sentimita 3 itakushinda kufika mvua za Machi. Mkate sentimita 1 na nusu mwilini, masikio na mkia muachie marefu kidogo kama unapenda sura yake, maana hayo mawili unaweza kuyamaliza kwa dakika kumi. Rudia baada ya wiki 6. Wiki mbili za kwanza usimwache kwenye jua la saa saba, ngozi yake haijazoea. Na Jumatano hii anzia kwapa la kulia.